Mzimu wa Watu wa Kale Machoni pa Msomaji wa Machakos

Riwaya ya upelelezi, husemwa, husomwa mara moja tu: msomaji akishamjua muuaji hana haja tena ya kitabu. Kauli hii nimeifundisha mimi mwenyewe darasani. Hapa nakusudia kuikana, na ushahidi wangu ni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ikachapishwa 1960.

Niliisoma kwanza nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari hapa Machakos. Maiti ya Bwana Ali, isiyo na kichwa, inaonekana mzimuni. Kwetu Ukambani tuna ithembo, mahali pa kutolea sadaka penye mti mkubwa usiokatwa ovyo. Kwa hiyo sikuhitaji kufafanuliwa mzimu ni nini. Niliogopa kwa kuwa mahali pale nilipajua.

Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya shahada ya pili, niliirudia riwaya hii huku vitabu vya Conan Doyle viko mezani. Katika Bwana Msa na kiko chake nikamwona Sherlock Holmes. Katika Najum nikamwona Watson. Nikaandika pambizoni neno moja: "Mwigo." Ile hofu ya ujana nikaihesabu kuwa ushamba.

Hivi karibuni nimeisoma mara ya tatu, nikimjua muuaji tangu ukurasa wa kwanza, na taharuki haikutoweka; imehama. Sikuuliza tena nani aliyeua, bali ni nani anayefaidika tukisadiki kwamba mzimu ndio ulioua. Kweli, Doyle naye alitumia kitisho cha jadi katika The Hound of the Baskervilles (1902). Lakini kitisho kile ni cha ukoo mmoja. Mzimu ni wa watu wote. Ndipo wanapopeleka haja zao. Mkono uliomwua Bwana Ali umewaachia wahenga lawama, nao hawawezi kujitetea. Kwa hiyo Bwana Msa, ambaye wengi tumemchukulia kuwa mpinzani wa imani za kale, nionavyo mimi ndiye wakili wake: anawarudishia wafu heshima kwa kuthibitisha kwamba ubaya ni wa walio hai.

Sisemi kwamba riwaya haina dosari. Ufafanuzi wa Bwana Msa mwishoni ni mrefu kupita kiasi. Tena, Unguja iliyopiga kura kwa mara ya kwanza Julai 1957 haisikiki humo. Mpelelezi ni hodari wa kufukua siri za nasaba, lakini hauliziulizi mambo ya utawala.

Hata hivyo, neno lile la pambizoni nimelifuta. Tunapowafundisha wanafunzi riwaya hii, tusiishie kuwauliza Abdulla alichukua nini kwa Doyle. Tuwaulize pia kwa nini waliogopa, na walikuwa wakimwogopa nani.