Hesabu Hadi Kumi

Mwandishi mmoja wa televisheni ninayemfahamu, mkazi wa Masasi, akiwasha kamera huiacha imetulia hadi ahesabu kumi. Ghalani, gunia la korosho linapandishwa kwenye mizani, linashushwa, yeye hatikisiki. Nilimuuliza mbona halifuati gunia. Akanijibu kwamba picha ile si yake peke yake. Mwenzake wa kituo kingine yuko Newala na huenda asiwahi kushuka Masasi. Mhariri aliyeko Dar es Salaam hajawahi kutia mguu kwenye ghala hilo. Wote watakata vipande katika picha hiyo hiyo, kila mmoja kwa habari yake, na mkataji anahitaji pa kuanzia na pa kuishia.

Huo ndio ufundi ninaoustahi: kumpigia picha mtu asiyekuwepo. Kipaza sauti chenye nembo ya kituo hukiweka nje ya fremu. Hasemi neno juu ya picha. Huacha sauti ya makuli, ya mizani, na ile kelele ya wakulima wanapoikataa bei ya mnada. Kisha hutuma faili kwa simu kama waraka, si kama video ya kawaida, ili lisibanwe likapoteza ubora. Chini yake huandika nani anazungumza, cheo chake, kijiji, tarehe. Jina lisikosewe, Kitangari ibaki Kitangari, maana kosa lake moja litasomwa na vituo vyote.

Marekani kazi hii ina huduma maalumu: vituo vya miji hupeleka picha zao CNN Newsource, na vituo vingine huzichukua huko. Kwetu inasimama juu ya kuaminiana. Leo nakupa mnada wa Masasi, kesho unanipa wa Newala.

Hata hivyo, kugawana habari si jambo geni upande huu. Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA, lililokusanya habari za mikoani na kuzisambaza kwa magazeti na redio, lilianza mwaka 1976, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi. Shirika lilikuja kuvunjwa. Kazi yake imebaki mikononi mwa watu wenye kamera moja na bando la kujinunulia.

Ndugu wahariri, picha ya Masasi ikiwafikia kwa mkono wa tatu, ulizeni nani aliipiga, kisha andikeni jina lake.