Silinda ya Reber: jinsi mwanaredio wa ridhaa alivyoinasa Njia Nyeupe

Anayeona picha ya dishi la Grote Reber hushangaa kwanza ukubwa wake. Lilikuwa na upana wa mita 9.4, nalo lilisimama uani kwa mama yake mjini Wheaton, Illinois, mwaka 1937. Wasimulizi wengi hulisifu dishi hilo. Mimi sifa naipeleka kwenye ile silinda iliyoning'inizwa mbele yake, maana ndiyo iliyoamua kazi nzima.

Reber alikuwa mwanaredio wa ridhaa tangu ujana wake, akijulikana hewani kama W9GFZ. Alishawasiliana na mabara yote, akabaki anatafuta jipya. Jipya hilo lilikuwapo tayari: mwaka 1933 Karl Jansky, mhandisi wa maabara za Bell, alitangaza kwamba kuna mkwaruzo wa redio, kwenye wimbi la mita 14.6, unaotoka Njia Nyeupe, galaksi yetu. Wataalamu wa nyota hawakushughulika nao sana. Reber aliomba kazi Bell akakosa, kwani uchumi ulikuwa umeanguka na hakuna aliyekuwa akiajiri. Basi akatoa fedha mfukoni mwake, akajenga dishi lake la kunasia mkwaruzo huo.

Fremu aliiunda kwa mbao 72 zilizochongwa kwa umbo la paraboli, juu yake akakaza mabati kwa skrubu. Mitambo ya kuliinua na kulishusha dishi ilitokana na vipuri vya Ford Model T. Dishi liligeuka juu na chini tu, kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Kwenda mashariki na magharibi aliiachia dunia yenyewe: inapozunguka, anga lote hupita mbele ya dishi bila mota wala gharama. Ujanja huo wa kubana matumizi bado unanifurahisha.

Sasa tuje kwenye silinda. Ndani yake ndimo ilimokaa antena, pale mawimbi yote yanapokutana baada ya kugonga bati. Kipokezi cha kwanza alikipanga kwenye megahezi 3300, yaani wimbi la sentimita 9 hivi. Hesabu yake haikuwa ya kubahatisha. Fizikia ya vitu vya moto ilisema kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo nguvu inavyoongezeka, na wimbi fupi pia hulifanya dishi lione eneo dogo kwa usahihi zaidi. Akasikiliza, kimya. Akaunda kipokezi kingine cha megahezi 910. Kimya tena.

Hapo wengi wangelivunja dishi. Reber alijua kwamba paraboli haichagui wimbi. Bati lile lile hukusanya la sentimita na la mita. Kwa hiyo dishi aliliacha lilivyo, akabadilisha kilichomo kwenye silinda: kipokezi cha tatu, megahezi 160, wimbi la mita 1.87. Kufikia 1939 alikuwa ameshainasa Njia Nyeupe. Ule ukimya wa mara mbili nao ulikuwa kipimo: ulionyesha kwamba nguvu ya mawimbi haya hupungua masafa yanapopanda, kinyume cha kitu kinachotoa mawimbi kwa sababu ya joto tu. Baadaye ilijulikana kuwa hutolewa na elektroni zinazokwenda kasi mno ndani ya ugasumaku wa angani.

Mchana cheche za plagi za magari zilivuruga vipimo, kwa hiyo alipima usiku wa manane hadi alfajiri, kisha akaenda kazini Chicago. Matokeo yalitoka mwaka 1940 katika Astrophysical Journal, na ramani za anga mwaka 1944, zikionyesha kilele upande wa kundinyota la Mshale, kiliko kitovu cha galaksi yetu.



Dishi lenyewe sasa liko Green Bank, West Virginia. Nawe mwenye dishi kuukuu la televisheni, chukua kile kifaa cha mafundi cha kutafutia satelaiti, kiunge, kisha lizungushe dishi taratibu kuelekea upande wa jua bila kulikodolea jua macho. Sindano itapanda. Jua nalo hurusha mawimbi ya redio, na dishi lako linayapokea.