Fakiri Pointi 17, Kadhi 14



Jumamosi moja hapa Don Mills mwenzangu wa Scrabble, mzee mstaafu na mchezaji hodari kwelikweli, alipanga TALAQ ubaoni. Nikamuuliza maana yake. "Sijui," akasema, "ila inakubaliwa." Akaandika pointi zake 14. Kwetu wapo akina mama ambao neno hilo limewatoa nyumbani na mabegi yao, usiku.

Hiyo ndiyo kasoro ninayoiona katika orodha za maneno ya Q wanazokariri wachezaji wa Kiingereza. Q ina pointi 10, na kibao chake ni kimoja tu. Anayekipata bila U anahangaika pa kukitua. Basi huokolewa na wageni: qi ya Wachina, mbaqanga ya Wazulu, na Waarabu wetu wale wale, qat, suq, qadi, faqir. (Fakiri anampita kadhi kwa pointi tatu. Duniani hayo hutayaona.) Nigel Richards alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Uhodari ni uhodari, sina ubishi, lakini kamusi iliyonyofolewa maana ni kamusi gani?

Sasa wapo wenzetu wanaozitazama orodha hizo na kulia kwamba Waswahili tumeporwa Q yetu, eti tahajia sanifu ya enzi ya mkoloni ilitupunja. Mimi siafiki hata kidogo. Tunaandika kadhi, talaka, fakiri na soko kwa K kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyotamka. Na sikio la Mswahili halikupoteza kila kitu. Kiarabu kina qalb, moyo, na kalb, mbwa. Sisi tuna kalbi na kelbu! Qaf imekwenda zake lakini imeacha A yake palepale. Penye kaf ya kawaida A ikageuka E. Hakuna kamati iliyotufundisha hilo, ni wazee wetu na masikio yao. (Msinirukie na kafiri, irabu yake ya asili ni ndefu.)

Anayetaka kuona Q yenye haki yake na atazame kaskazini ya nchi hii hii. Mwaka 1987 mji wa Frobisher Bay ulirudishiwa jina lake la Kiinuit, Iqaluit, na Q ile hutamkwa nyuma kabisa kooni, sawa na qaf. Wanaiandika kwa kuwa wanaitamka. Sisi tukiirudisha leo tutakuwa tunaandika tusichosema, kwa ajili ya kuonekana wasomi tu.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza yule mzee maana ya talaq, kirefu, na mifano. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama inakubali S ya wingi.

Nikamwambia inakubali.