Taa na Mwezi: Vitabu Viwili Mbele ya Imani

Mtu akisimama usiku pale Kalundu, penye bandari ya Uvira, huona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Ndagala huifuata taa, hupanda juu, na wavu huwapokea. Lakini mbalamwezi ikiwa kali, taa hupoteza nguvu zake. Samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu zao. Jambo hili, linalojulikana na kila mtoto wa huku, limetusaidia kupima vitabu viwili vya wenye elimu.

Kitabu cha kwanza ni cha Mfaransa Jacques Monod, kilichotolewa mwaka 1970. Jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema "Bahati na Sharti". Mtu huyu hakuwa wa kudharauliwa. Mwaka 1965 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, kwa kuchunguza jinsi chembe za viumbe hai zinavyotawaliwa ndani yake. Katika kitabu chake afundisha kwamba uhai ulitokea kwa bahati, ukaendelea kwa sheria za maumbile, wala hapana kusudi lolote nyuma yake. Mwishowe amwambia mwanadamu akubali kwamba yu peke yake katika ulimwengu usiomjali.

Tumsifu kwanza panapostahili. Aandika wazi, hajipendekezi kwa mtu, hata wafuasi wa Marx hakuwaacha wapite bila kuwakosoa. Na mengi aliyoyasema juu ya chembe za uhai ni elimu ya kweli, nasi twaipokea kwa shukrani.

Kosa lake liko wapi basi? Mwanzoni mwa kazi aweka sharti kwamba mchunguzi asitafute kusudi katika vitu vya asili. Sharti hilo ni jema ndani ya nyumba ya uchunguzi. Lakini mwishoni atutangazia kwamba kusudi halipo. Aliyekataza kulitafuta tangu asubuhi, awezaje kusema jioni kwamba amelitafuta akalikosa? Monod mwenyewe, kwa unyofu wake, akiri kwamba sharti hilo ni jambo alilolichagua mtu, wala halikuthibitishwa na uchunguzi wowote. Kumbe huo upweke wa mwanadamu haukuvuliwa na wavu wake. Aliuleta mwenyewe ndani ya mtumbwi.

Tazameni ziwa letu. Kina chake chafika mita 1,470 hivi, na katika dunia nzima ziwa la Baikal tu lalipita. Taa ya mvuvi humulika sehemu ndogo ya juu. Kina hicho hakikujulikana kwa taa. Kilijulikana kwa vyombo vingine vilivyofaa kazi hiyo. Mvuvi mwenye akili huipenda taa yake, lakini hasemi kwamba ziwa laishia pale mwanga unapokoma.

Kitabu cha pili ni cha Thomas Merton, mmonaki Mtrapisti wa Gethsemani, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Kilitoka mwaka 1968, mwaka ule ule alioagia dunia karibu na mji wa Bangkok. Chazungumza juu ya Zen, njia ya sala ya kimya ya wafuasi wa Buddha, iliyotoka China ikashika mizizi Japani. Ndani yake yamo pia mazungumzo ya Merton na mzee Daisetz Suzuki, Mjapani aliyewaeleza watu wa magharibi mambo ya Zen. Wawili hao walionana New York mwaka 1964.

Wengine watashangaa: magazeti ya Wakatoliki yanatafuta nini kwa Buddha? Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kuheshimu yaliyo ya kweli katika dini nyingine. Nao walimu wa Zen wana neno moja linalotufaa sana: kidole kikionyesha mwezi, usikishike kidole ukadhani umeushika mwezi. Merton aeleza kwamba Zen haikuja kubishana na mafundisho kwa mafundisho. Humzoeza mtu kunyamaza na kutazama, kabla ya kuvipanga vitu kwa majina na hesabu.

Neno hilo lampiga msomi anayedhani hesabu yake ndiyo ulimwengu wenyewe. Lakini latupiga na sisi! Ni wangapi kati yetu tunaoijua katekisimu kwa moyo, tukajibu kila swali mbele ya padri, na wala hatujakaa robo saa kimya mbele ya Ekaristi? Hata katekisimu ni kidole. Ni kidole kitakatifu na cha lazima, lakini chatuonyesha Mmoja anayeishi.

Hata hivyo kitabu cha Merton nacho kina hatari yake. Msomaji wa haraka aweza kudhani kwamba kimya chatosha, Masakramenti yakae kando. La hasha! Nabii Eliya mlimani Horebu alisikia upepo mwembamba, na baada ya huo ilikuja sauti iliyomwita kwa jina na kumpa kazi. Kimya chetu ni cha mtu anayesikiliza. Anayetungojea ndani yake ni Kristu mwenyewe.

Tena tusiigeuze imani iwe sababu ya kuvunja taa. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba. Katika msiba kama huo hukosekani mtu wa kusema, "Ni laana tu, maarifa hayana kazi." Maneno hayo si imani. Wachunguzi wa maji wenye kituo chao papo hapo Uvira, na waganga wanaopigana na kipindupindu, wafanya kazi inayompendeza Mungu. Mama anayechemsha maji na kusali rozari hana mioyo miwili. Padri Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, lakini hakupenda hesabu zake zifanywe ushahidi wa kitabu cha Mwanzo. Alijua taa ni nini, na mwezi ni nini.

Basi, kijana unayerudi likizo kutoka chuo kikuu, usimcheke bibi yako anaposali gizani. Msome Monod ukitaka, lakini muulize kila ukurasa: hili umelivua, au umelileta? Nanyi wazazi, msimfukuze kijana kwa sababu ya maswali yake. Kaeni naye jioni, mmsikilize mpaka mwisho, kisha msali pamoja, hata kwa kimya. Pengine maneno yenu yatamshinda kuyapokea. Lakini akiwaona mnamtazama Mungu kweli, atainua macho yake mwenyewe.