Asilimia ya Mashine Si Hukumu

Udanganyifu katika masomo upo, na anayeukemea hakosei. Mwanafunzi anayewasilisha kazi isiyo yake huwapunja wenzake waliokesha wakiandika. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba programu zinazokadiria kama maandishi yametungwa na akili mnemba hazitoshi kumtia mtu hatiani.

Kwanza, tuangalie usahihi wake. Aprili 2023 kampuni ya Turnitin ilianza kutoa huduma hiyo, ikidai kwamba makosa yake hayafiki asilimia 1. Kiwango hicho huonekana kidogo mpaka tukipigie hesabu. Agosti mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani kilieleza kwamba mwaka 2022 kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 katika Turnitin. Kwa kosa la asilimia 1, kazi 750 hivi zingeshukiwa bure. Chuo hicho kikaizima huduma hiyo. Mwezi mmoja kabla, OpenAI, waliounda ChatGPT, walikuwa wameiondoa programu yao wenyewe ya utambuzi kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo.

Pili, kosa hili haliwaangukii wote sawasawa. Utafiti wa Liang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2023, ulipima programu saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zilidaiwa kuwa za mashine. Programu hizo hutazama jinsi maneno yanavyotabirika, na mwenye msamiati mdogo hurudia maneno ya kawaida. Sisi wa Uganda tunaosomea Kiingereza tulichokikuta shuleni tumo katika kundi hilo.

Wapo watakaosema kwamba mhadhiri mwenye mamia ya wanafunzi hana muda wa kumchunguza kila mmoja. Ni kweli. Basi mashine imsaidie kuuliza, isihukumu kwa niaba yake. Wahenga walisema msema pweke hakosi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 42, inampa kila anayefika mbele ya afisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa haki na usawa, na haki ya kwenda mahakamani kuhusu uamuzi uliotolewa dhidi yake. Kwa mantiki hiyo, mtuhumiwa aelezwe tuhuma kwa maandishi, aonyeshwe ushahidi wote, apewe muda wa kuleta rasimu zake, na aulizwe kuhusu kazi yake. Uamuzi utolewe na watu wengine, si mhadhiri aliyemshtaki, na njia ya rufaa iwe wazi. Hata mahojiano yanataka uangalifu, kwani mwenye woga anaweza kushindwa kueleza alichokiandika kwa mkono wake.

Utaratibu huu unachelewesha, lakini tukiuacha, mwaminifu ataadhibiwa kwa tarakimu asiyoweza kuijibu, naye mdanganyifu atajifunza kuikwepa mashine tu. Idara iandike utaratibu huo kwanza, ndipo inunue programu.