Joto la Miguuni: Jinsi ya Kuikagua Volkswagen ya Zamani

Anayeondoka Baray mwezi wa Julai huweza kusahau sweta. Bonde la Ziwa Eyasi, ilipo Baray, liko takriban mita 1,030 juu ya usawa wa bahari, na jua la mashamba ya vitunguu halichelewi. Lakini akipandisha Karatu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, amefika kwenye mita 2,300 hivi. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo amepoteza nyuzi nane njiani, kabla hata ya upepo na ukungu. Huko juu ndiko Volkswagen Beetle ya zamani inapojulikana kama ni nzima au imepakwa rangi tu.

Basi ukitaka kununua, usianze na viti wala rangi. Anza na joto la miguuni. Gari hili halina maji wala rejeta. Feni ya injini, kule nyuma, hupuliza hewa ya kupoza silinda, na sehemu ya hewa huingia kwenye makasha mawili ya bati yanayozunguka mabomba ya ekzosi. Humo hupata moto, hupita ndani ya vizingiti chini ya milango, kisha hutokea miguuni na kwenye kioo cha mbele. Njia hiyo hupita sehemu nyingi ambapo Beetle huficha ubovu wake. Joto safi likifika, hiyo ni dalili njema ya afya ya gari.

Makasha. Lala chini na tochi. Ukikuta bomba tupu mahali pa kasha, fundi aliliondoa, na gari hilo halitakupa joto hata kidogo. Makasha yakiwepo, tafuta kutu na matundu. Ukiuziwa jipya, lipime uzito mkononi: la asili ni zito, kwa sababu bomba la ndani limevikwa mapezi ya aluminiamu yanayotoa joto. Mengi ya bei rahisi hayana mapezi hayo, na hewa yake hubaki vuguvugu hata injini ikichemka.

Vizingiti. Hapa usiwe na haraka. Kizingiti ni bomba la joto, na pia ni mfupa unaobeba mwili wa gari. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki kwa Volkswagen. Mwili uliostahimili barabara zile ulishikwa na vizingiti vya namna hii. Gonga kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma. Bati zima hulia; lililoliwa na kutu hutoa sauti butu. Pitisha sumaku: isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Gari la namna hiyo liache, hata likiwaka kwa jaribio la kwanza.

Mkono. Washa injini, endesha dakika ishirini, fungua joto, kisha weka kiganja kwenye tundu la kushoto na la kulia. Yalingane. Upande mmoja ukiwa baridi, huenda waya wa kufungulia umekatika, na hiyo ni kazi ndogo. Ukifunga, hewa ikome. Kioo cha pembeni kiache wazi kidogo, maana hewa ya moto haiingii ndani kama ya zamani haina pa kutokea.

Pua. Magari ya kabla ya modeli ya 1963 yaliingiza ndani hewa iliyokwisha kupita kwenye silinda, kwa hiyo harufu nyepesi ya oili humo isikutishe. Ya baadaye yalipewa hewa safi, na harufu ya oili ndani yake inaonyesha kuwa injini inavuja. Harufu ya moshi haivumiliki kwenye gari lolote. Moshi hubeba kaboni monoksidi, ambayo yenyewe haina harufu na huua. Kichwa kikianza kuuma au usingizi ukija ghafla, simama, fungua milango, na usiwashe joto tena mpaka makasha yabadilishwe. Afadhali gari baridi kuliko gari lenye joto la moshi.

Safari ya majaribio. Panda kutoka Baray hadi Karatu, kisha hadi Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro. Mlimani injini hufanya kazi ngumu, joto huwa jingi. Jaribio kali ni kurudi: ukiteremka bila kukanyaga mafuta, ekzosi hupoa na joto hupungua. Litazame jinsi linavyopungua. Likipungua taratibu, ni dalili njema; likigeuka barafu mara moja, kuwa na shaka.

Shuka nzito na soksi za sufu zibebe hata hivyo, kwa heshima ya mlima, si za kuziba kasoro. Ukifika langoni miguu ina joto, kioo hakina ukungu na kichwa ni chepesi, rangi iliyochubuka isikuzuie. Nunua.