Jando Bila Kungwi: Ukuaji wa Wanaume katika Filamu ya Swingers

Wanaume wa Swingers (1996), filamu aliyoiongoza Doug Liman kutokana na mswada wa Jon Favreau nje ya studio kubwa za Hollywood, ni watu wazima kwa umri na wavulana kwa mwenendo. Trent anajitwika ukungwi wa kumfunza Mike, aliyeachwa na mpenziwe, namna ya kunasa wanawake, ilhali yeye mwenyewe hajapita jandoni.

Onyesho zito kuliko yote ni la simu. Mike anaiachia mashine ya Nikki ujumbe juu ya ujumbe, hata anauvunja uhusiano ambao haujakuwapo. Nikki anapopokea hatimaye, ni kumkataza asipige tena. Kwa hiyo ukuaji wa Mike haupimwi kwa kumpata Lorraine, kama msuko unavyotushawishi, bali kwa simu nyingine: Michelle, aliyengojewa miezi sita, anapiga, na Mike anayakatisha mazungumzo.

Dosari ni kwamba wanawake hawa hawapewi nafsi, ni vipimo vya wanaume. Naye Trent habadiliki. Mkahawani anadhani mwanamke anamrembulia macho, kumbe anamchekesha mwanawe mchanga.